Ukurasa Ulioandikwa kwa Macho Tu

Mtu asiyeona anapokwama katikati ya fomu ya mtandaoni, lawama hushika mojawapo ya njia mbili. Ama itasemwa kwamba ndiyo hali yake, na intaneti ni jambo la macho. Ama itanyooshewa kidole ile programu inayomsomea skrini, kwamba ni mbovu, imepitwa na wakati, au mwenyewe hajaijulia. Ni nadra kutajwa aliyeitengeneza tovuti, na nadra zaidi kutajwa aliyetoa fedha itengenezwe. Nashikilia kwamba lawama hizo zinakwenda kusiko. Sehemu kubwa ya usumbufu anaoupata mtumiaji wa programu hizi haizaliwi kwenye kompyuta yake wala masikioni mwake. Huzaliwa miezi kadhaa kabla, mezani pa mtu aliyeamua kwamba ukurasa umekamilika kwa sababu tu unapendeza kuutazama.

Ili kulithibitisha hilo, ni lazima kwanza tuelewe programu hizi hufanya nini. Wengi hudhani kwamba zinaikodolea macho skrini na kueleza zilichokiona, kama jamaa aliyeketi pembeni. Sivyo. Kila ukurasa wa tovuti, nyuma ya rangi na picha zake, ni msimbo unaoeleza kila kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kiungo, hapa pana jedwali, hapa ni mahali pa kuandika jina la ukoo. Kivinjari huyapanga maelezo hayo na kuyakabidhi kwa programu ya kusoma skrini, nayo huyatamka kwa sauti, au huyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kinachoinua vipini vidogo chini ya vidole vya msomaji. Mtumiaji hana haja ya kipanya. Kwenye JAWS na NVDA, programu mbili zinazotumika zaidi katika kompyuta za Windows, herufi H humrusha hadi kwenye kichwa kinachofuata, T kwenye jedwali, F kwenye sehemu ya fomu, na kwa amri nyingine huweza kuvuta orodha ya viungo vyote vya ukurasa. Kwenye simu za Android kuna TalkBack na kwenye iPhone kuna VoiceOver, ambako mtu hutelezesha kidole kulia au kushoto, kila mara akisogea kitu kimoja mbele au nyuma. Mzoefu husikiliza kwa kasi ambayo sikio geni haliambulii hata neno. Akipewa ukurasa ulioandikwa sawasawa, mtu huyu hafanyi kazi polepole wala kwa kubahatisha.

Sasa mpe ukurasa ulioandikwa kwa macho tu. Maneno yaliyokuzwa na kukolezwa wino yanaonekana kama vichwa vya habari, lakini katika msimbo hakuna palipoandikwa kwamba ni vichwa. Basi herufi H haimpeleki popote, na analazimika kusikiliza ukurasa mzima kuanzia juu ili apate aya moja. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa katika uchunguzi wa kimataifa wa watumiaji uliofanywa na taasisi ya WebAIM mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, takriban saba katika kila kumi walisema kwamba wanapotafuta habari kwenye ukurasa mrefu, huanza kwa kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Picha isiyo na maelezo mbadala husomwa kwa jina la faili lake, mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana, au hurukwa kimya kimya hata kama ndiyo iliyobeba tangazo lote. Viungo ishirini vinavyosema “soma zaidi”, vikitolewa kwenye orodha yao, ni “soma zaidi” mara ishirini bila kujulikana zaidi ya nini. Kitufe kilichochorwa kikapu cha ununuzi au bahasha, kisichopewa jina, hutamkwa “kitufe” na basi.

Fomu ndiko adha inakozidi, na ndiko gharama yake ilipo kubwa, kwa sababu fomu ndiyo mlango wa ajira, mkopo wa masomo, tiketi, bima na kodi. Mwenye macho akiona neno “Namba ya simu” limekaa kushoto kwa kisanduku, anajua kisanduku ni cha nini. Programu haijui ukaribu huo mpaka mtengenezaji aviunganishe viwili hivyo katika msimbo; asipofanya hivyo, mtumiaji husikia tu kwamba hapa pana sehemu ya kuandika, na ni tupu. Zikiwa kumi mfululizo, zote ni tupu na zote hazina jina. Akijaza kwa kukisia na kubonyeza “Tuma”, ukurasa humjibu kwamba sehemu zenye rangi nyekundu hazijajazwa ipasavyo, na jibu lenyewe huenda limetokea mahali ambapo programu haikuelekezwa kulitamka, hivyo anabaki akidhani fomu imekwenda. Tarehe ya kuzaliwa huombwa kwa kalenda ya kubofyabofya isiyokubali kuandikiwa tarakimu wala kuendeshwa kwa kibodi. Dirisha dogo la masharti hufunguka juu ya ukurasa ilhali usomaji umebaki chini yake, na mtumiaji anapapasa vitu ambavyo kwa wakati huo havifanyi kazi. Na wakati hayo yote yanaendelea, saa ya usalama inahesabu. Muda ukiisha, fomu hufutwa na kazi huanza upya. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosababishwa na macho yake, na hakuna ambalo toleo jipya la programu lingeliondoa lote, kwa kuwa habari inayokosekana haikuandikwa popote.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna adha nyingine isiyozungumzwa sana. Kila ukurasa hutakiwa kutangaza lugha yake kwa alama fupi iliyo mwanzoni kabisa mwa msimbo, na programu huitumia alama hiyo kuchagua sauti. Violezo vingi vya tovuti huja vikiwa vimetangazwa kuwa ni vya Kiingereza, na mtengenezaji hubadili maneno yanayoonekana bila kuigusa alama. Matokeo yake, habari ya Kiswahili husomwa kwa sauti ya Kiingereza. Irabu zetu, ambazo kila moja ina mlio mmoja usiobadilika, hupindwa kwa kanuni za lugha nyingine: mji wa Same hupoteza silabi yake ya mwisho, “wake” na “pole” hugeuka maneno ya mtu mwingine, na “ng’ombe” hugubikwa kabisa. Msikilizaji anabaki kukisia sentensi nzima kutoka kwenye mabaki ya sauti. Haiwezi kusemwa kwamba sauti ya Kiswahili haipo. eSpeak NG, kitamkaji cha bure kinachokuja pamoja na NVDA, kina Kiswahili. Huduma ya Google ya kutamka maandishi kwenye simu za Android nayo inacho. Sauti hizo zinaweza kuboreshwa, na zinastahili kuboreshwa, lakini hazitaitwa kazini ikiwa ukurasa unajitambulisha kwa lugha isiyo yake. Marekebisho yenyewe ni ya herufi mbili: “en” iwe “sw”.

Je, huenda hizi ni kasoro za tovuti chache zilizotengenezwa na wanagenzi? Ushahidi unakataa. WebAIM, yenye makao katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah nchini Marekani, tangu 2019 imekuwa ikipima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana duniani. Mwaka 2019, asilimia 97.8 zilikutwa na kasoro zinazokiuka miongozo ya kimataifa ya ufikivu, ile inayojulikana kwa kifupi kama WCAG. Mwaka 2025 zilikuwa asilimia 94.8. Miaka sita imepunguza pointi tatu tu, na kipimo chenyewe ni cha mashine, kisichoweza kubaini kasoro zote. Linalouma zaidi ni aina ya makosa yenyewe. Karibu yote yanaingia katika makundi sita, mwaka baada ya mwaka: maandishi yenye rangi hafifu, ambayo huwasumbua zaidi wenye uoni hafifu, kisha picha zisizo na maelezo, sehemu za fomu zisizo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotangaza lugha. Picha bila maelezo zilikuwa katika zaidi ya nusu ya kurasa, na fomu bila lebo katika karibu nusu. Hakuna hata moja linalohitaji uvumbuzi. Toleo la kwanza la WCAG lilitolewa Mei 1999, na maelezo mbadala ya picha yalikuwa ndani yake tangu siku hiyo. Tovuti nyingi za leo zinashindwa mtihani ambao majibu yake yamekuwa hadharani kwa zaidi ya robo karne.

Haki inanidai niseme kwamba programu zenyewe nazo zina dosari. JAWS, iliyotoka mwaka 1989 kwa juhudi za Ted Henter, mwendesha pikipiki za mashindano wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978, imebadili maisha ya wengi, lakini leseni yake kamili mara nyingi huizidi bei kompyuta inamowekwa. Ndiyo sababu kuja kwa NVDA kulikuwa jambo kubwa: mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, mwenyewe asiyeona, alianza kuiandika ili isiuzwe kabisa, akaungwa mkono na James Teh, naye asiyeona, na leo inapatikana bure kwa lugha nyingi. Programu moja inaweza kusoma jedwali vizuri kwenye kivinjari hiki na kulivuruga kwenye kile. Matoleo mapya huleta hitilafu mpya. Na ni kweli kwamba mtu aliyefunzwa vizuri hukwepa vikwazo ambavyo mgeni hujigonga navyo, hivyo mafunzo mashuleni na vyuoni yanahitajika sana. Lakini kuna kipimo rahisi cha kutenganisha kosa la programu na kosa la tovuti: mtu yuleyule, kwa kompyuta ileile na programu ileile, anaweza kununua bidhaa kwenye tovuti moja bila kizuizi na kushindwa kabisa kwenye tovuti ya pili. Kilichobadilika hapo ni tovuti peke yake.

Katika jamii zetu pingamizi linalotangulia huwa ni la upendo. Kwani hana ndugu, mtoto au jirani wa kumsomea? Anao, na wengi husaidiwa hivyo kila siku kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba huduma zilizohamia mtandaoni ni zile hasa ambazo mtu hapaswi kuzifanya mbele ya mwingine. Ritani za kodi nchini Kenya hujazwa kwenye iTax, na huduma nyingi za serikali hupitia eCitizen. Tanzania, maombi ya kazi serikalini hupitia Ajira Portal na ya mikopo ya elimu ya juu hufanyiwa mtandaoni. Huko kuna nenosiri, mshahara, namba ya siri inayotumwa kwenye simu na kuisha muda baada ya dakika chache, na katika huduma za afya kuna majibu ya vipimo. Mtu mzima anayelazimika kumtajia mpwa wake nenosiri la benki amenyang’anywa kitu ambacho wengine hawafikirii hata kukitetea. Lipo pia suala la wakati. Msaidizi ana shule, ana kazi, ana safari, na tangazo la ajira lina siku ya mwisho. Msaada wa ndugu ni jambo jema anapouchagua mwenyewe. Ukiwa ndiyo njia pekee iliyobaki, unakuwa sharti aliloongezewa yeye peke yake.

Pingamizi la pili ni la fedha: watumiaji ni wachache, na kuwatengenezea ni ghali. Kuhusu uchache, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa watu wasioona wapatao milioni 43 duniani, bila kuhesabu mamia ya milioni wenye uoni hafifu, wala wale ambao uzee utawafikisha huko. Kuhusu gharama, liko shauri lililolichambua dai hilo. Juni 1999, Bruce Maguire wa Australia, asiyeona anayesoma kwa kifaa cha nukta nundu kilichounganishwa na kompyuta, aliilalamikia kamati ya maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney: tovuti yake ilikuwa na picha zisizo na maelezo, orodha ya michezo haikufikika kutoka ukurasa wa ratiba, na majedwali ya matokeo hayakusomeka. Kamati ilijitetea kwamba kurekebisha kungegharimu zaidi ya dola milioni mbili za Australia na kuchukua muda mrefu mno. Mashahidi wataalamu wa upande wa Maguire walionyesha kwamba kazi ilikuwa ndogo kuliko ilivyodaiwa, na ingekuwa ndogo zaidi kama ingefanywa tangu mwanzo. Agosti 2000, Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya nchi hiyo iliamua kwamba alikuwa amebaguliwa, ikaagiza marekebisho. Kamati haikutimiza yote, na baada ya michezo ikatozwa fidia ya dola 20,000. Ninachokichukua hapo ni hesabu yenyewe ya utetezi. Gharama kubwa iliyotajwa ilikuwa ya kubomoa na kujenga upya. Kuandika maelezo ya picha wakati wa kuipandisha ni kazi ya sentensi moja, na kuiunganisha lebo na kisanduku chake ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Anayeahirisha ndiye anayeufanya mstari huo kuwa mamilioni.

Kuna wanaosema tusubiri, teknolojia italimaliza tatizo lenyewe. Dai hili lina sura mbili, na ni vibaya kuzichanganya. Ya kwanza ni vile viraka vinavyouzwa kwa wenye tovuti kwa ahadi kwamba mstari mmoja wa msimbo utaufanya ukurasa wote ufikike, bila kugusa kitu kingine. Wasioona wenyewe wamelalamika kwamba viraka hivyo mara nyingi huvurugana na programu wanazozitumia tayari. Januari 2025, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni moja kutokana na madai yaliyopotosha kwamba bidhaa yake ingeweza kuifanya tovuti yoyote itimize masharti ya WCAG. Sura ya pili ni akili unde, na hii ina manufaa ya kweli. Tangu 2023, mtumiaji wa programu ya Be My Eyes anaweza kutuma picha na kupewa maelezo marefu ambayo miaka kumi iliyopita yasingewezekana. Kwa picha aliyotumiwa na familia, hiyo ni baraka. Lakini mashine inayotazama kitufe huweza kukisia tu kitafanya nini, na kukisia hakutoshi pale kitufe kinapohamisha fedha au kufuta maombi. Inaweza kueleza kwamba pichani kuna wanaume watatu wamesimama mbele ya jengo. Aliyeiweka ndiye anayejua kwamba mmoja wao ni waziri anayezindua kituo cha afya, na kwamba hilo ndilo lililomfanya aiweke.

Upande wa usalama una hoja nzito zaidi, kwa sababu walaghai wanaotumia roboti wapo kweli. Kapcha, yaani lile fumbo la picha la kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, limekuwa likitajwa na watumiaji wa programu hizi miongoni mwa vikwazo vibaya kuliko vyote tangu WebAIM ilipoanza kuwauliza mwaka 2009. Fumbo hilo humtaka asiyeona athibitishe ubinadamu wake kwa macho, na lile la sauti linalotolewa badala yake huchafuliwa kwa kelele kiasi cha kumshinda hata anayesikia vizuri. Njia nyingine zipo: ukaguzi wa mienendo unaofanyika nyuma ya pazia bila kumuuliza mtu swali, kiungo cha uthibitisho kinachotumwa kwa barua pepe, au alama ya kidole kwenye simu. Kuchagua fumbo la picha peke yake ni uamuzi wa mtu, na aliyeufanya aulizwe.

Na hapo ndipo hoja yangu inapoelekea: aulizwe nani, na lini. Sheria hazijakosekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaitaja intaneti waziwazi katika ibara yake ya 9, na Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kenya imepata sheria mpya mwaka 2025. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 28 Juni 2025, biashara nyingi zinazouza mtandaoni zinabanwa na masharti ya ufikivu. Ila sheria humfikia mwenye tovuti baada ya mtu kuumia na kulalamika, na asiyeona anayetafuta kazi hana muda wa kuendesha kesi kwa kila fomu iliyomkwamisha. Mkataba wa kazi humfikia mapema zaidi. Wizara, benki, chuo au gazeti linapoagiza tovuti, huandika vigezo: rangi za nembo, kasi, idadi ya kurasa, siku ya kukabidhi. Katika orodha hiyohiyo kuna nafasi ya kuandika kwamba tovuti itatimiza WCAG 2.2 kwa ngazi ya AA, kwamba kila huduma itakamilika kwa kibodi peke yake, kwamba kurasa za Kiswahili zitatangazwa kuwa za Kiswahili, na kwamba matangazo hayatawekwa kama picha ya karatasi yenye muhuri bila maandishi yanayosomeka. Watumiaji wasioona waliolipwa kwa kazi hiyo waijaribu tovuti kwa NVDA na TalkBack, kuanzia kujisajili hadi kupata risiti, na awamu ya mwisho ya malipo ya mkandarasi isitoke kabla ya ripoti yao kupokelewa.